Mwethya wa Figo za Mbithe

Alhamisi ile ilikuwa zamu ya shamba la Mbithe. Wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi kwa zamu, wa Kaluu, nje kidogo ya Migwani, walifika kabla umande haujakauka, majembe begani, leso zimefungwa kiunoni, kila mmoja na kikombe chake, kwa maana mwenye zamu hutoa uji lakini hatoi vikombe. Walikuwa wamekubaliana kuchimba matuta ya fanya juu kwenye mteremko wa chini, ambako mvua ya mwaka juzi ilizoa udongo wote mzuri ikaupelekea jirani. Walimkuta Mbithe ameketi juu ya mtungi wa plastiki, miguu imefura hadi vidole vimekaribia kupotea, na uji haujapikwa.

Mwethya una sheria chache, na hakuna aliyeziandika kwa kuwa hakuna anayezisahau. Kila nyumba hutoa mtu. Asiyeweza kuja hutuma mwingine wa nyumba yake. Na mwenye zamu ndiye huchagua kazi. Akisema choo, wanachimba choo. Mwaka mmoja Nthenya alisema mahindi yake yote yapukuchuliwe kwa siku moja kwa sababu mkwewe alikuwa anakuja kumtembelea, na yakapukuchuliwa, ingawa yaliyosemwa siku hiyo juu ya huyo mkwe hayafai kurudiwa mbele za watu.

Mbula, mwenyekiti, aliuliza kama inavyotakiwa, "Kazi ya leo ni gani?"

Mbithe alitazama mteremko. Pumzi zilikuwa zinamtoka kwa shida. "Mimi sina nguvu ya matuta," alisema. "Hata mkichimba, nani atapanda?"

Mbinya, mama mkwe wa Mbula, alikuwa mkubwa kuliko wote. Jembe alikuwa ameshapumzishwa, lakini alikuja kila zamu kukoroga uji na kuwarekebisha wenzake. Alisema, "Umeulizwa kazi. Sema kazi."

"Ni hii," Mbithe akajibu, akionyesha miguu yake. "Kama kuna kazi hapa, ni hii."

Wanawake waliweka majembe chini wakaanza kupanga, nani aanze na nani afuate. Walikubaliana kwenda kama wanavyokwenda siku zote, kuanzia nyumba ya juu kabisa kushuka hadi mtoni. Halafu Mbinya akawasha moto, wakanywa uji, wakarudi makwao mapema.

Kesho yake Nthenya, ambaye nyumba yake ndiyo ya juu, aliamka miguu imefura na mdomo una ladha ya chuma. Mbithe aliamka akavaa ndala zake zikamtosha, akaenda kisimani, akarudi na mtungi mgongoni bila kupumzika njiani. Walikutana kwenye njia panda, wakaulizana habari za usiku, kila mmoja akaenda zake. Siku iliyofuata ugonjwa uliteremka kwa Mbula, kisha kwa jirani wa Mbula, ukawa unashuka hivyo nyumba kwa nyumba. Ulifika alfajiri, ukaondoka alfajiri. Ulipomaliza nyumba za mtoni ulianza tena juu, na Mbithe naye alipata siku yake kama wenzake.

Figo za Mbithe zilikuwa zimekataa kazi tangu kiangazi. Huko Kitui mjini iko mashine ya kusafisha damu, na madaktari walisema alazwe kando yake mara mbili kwa wiki, maisha yake yote. Bima mpya ya serikali, ile iliyosemwa kuwa ni ya kila Mkenya, ingegharamia, ila kwanza ilibidi ajibu maswali kwa simu. Aliulizwa paa lake ni la nini, akasema mabati, kwa sababu ni mabati. Aliulizwa kama ana taa, akasema anayo ya sola. Aliulizwa mifugo, akataja mbuzi wake, na kwa kuwa hapendi kuficha akataja na wale wa shemeji yake waliokuwa wamelazwa kwake. Simu ilifikiri kidogo, ikamjulisha kwamba ana uwezo, kwa hiyo alipe ya mwaka mzima kwa mpigo mmoja. Mumewe Mwangangi, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya utafiti kule Kiboko, alimpigia akamwuliza kwa nini hakusema analala chini ya mti. Mbithe alisema yeye ameokoka.

Basi mwethya ukaendelea. Watu wa Kaluu walizoea upesi. Aliyejua siku yake inakaribia alipika muthokoi wa siku mbili, akateka maji ya kutosha, akaomba jirani amfungulie mbuzi. Waume walijifunza kusonga ugali, wengine vibaya sana. Mchungaji Mutisya aliwaombea hadharani, kisha akawaita kando akauliza kama ingewezekana Jumapili isimwangukie mtu wa kwaya. Waliahidi kuangalia, ila haikuwezekana. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alilala siku moja tu kila nyumba, na hakuna aliyewahi kumwona ameshika jembe.

Kitu kimoja ndicho kilichowakera. Walikuwa wametegemea kwamba mzigo ukishikwa na wengi utapungua, kama gunia la mahindi linavyopungua uzito likishikwa pembe nne. Haukupungua. Kila aliyeupokea aliupokea mzima, na mzunguko wa pili ulikuwa mzito kuliko wa kwanza, na wa tatu kuliko wa pili. Nthenya, ambaye hulalamika hata jua likichelewa kutua, alikuwa wa kwanza kulisema waziwazi: walikuwa wamegawana siku, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa bado uko vilevile. Wenzake walimwambia anyamaze, na wote walijua amesema kweli.

Mbula aliamua kuupeleka hospitalini siku yake ilipofika tena. Yeye bima yake alikuwa ameilipa yote, kutoka kwenye mauzo ya ndengu. Alikuwa mtu wa aina hiyo, hata sadaka ya Jumapili alitaka kuipeleka Jumamosi. Alitembea hadi kwenye hospitali ndogo pale sokoni huku akipumzika kila penye kivuli, akaketi kwenye benchi hadi alipoitwa na Kisilu. Kisilu hakuwa daktari hasa, lakini Migwani anayekupima damu ni daktari.

Kisilu alipima, akaangalia majibu, akaangalia macho yake, akabonyeza kifundo cha mguu na shimo likabaki.

"Figo zako zimeisha, mama."

"Najua. Ni za Mbithe."

"Ah," Kisilu alisema. "Nyinyi ndio wale." Aliweka kidole cha Mbula kwenye kile kifaa cha kusoma vidole, akangoja, akageuza kompyuta ili naye aone. "Sistimu inasema hii ugonjwa iko kwa jina ya Mbithe. Hiyo mashine ya Kitui siwezi kukuombea."

"Lakini leo iko kwa mwili yangu."

"Naona. Na kesho?"

"Kesho itakuwa kwa Mama Musyoka. Si ndio maana nimekuja leo?"

Kisilu alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo Mbula alilijua, ndiyo sababu hakuinua sauti. "Mimi nimelipa bima yote," alisema.

"Umelipia magonjwa yako, mama."

"Mimi nilijua nimelipia ya kila mtu, na kila mtu amelipia yangu. Si ndivyo mlituambia kwa baraza?"

"Hapo ndipo bado wanabishana," Kisilu alisema. "Kutakuwa na mkutano Kambu, wa watu wa Kitui na Makueni. Enda uwaambie."

Alimwita Mbithe pia, ili asisemwe kwamba hakujaribu. Mbithe alikuja mbio, akapimwa, akakutwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Kompyuta ilikubali matokeo hayo papo hapo na kumfungia faili, kwa kuwa amepona. Kisilu aliwasindikiza wote wawili hadi mlangoni, akamshika Mbula mkono. "Nikwambie ukweli," alisema kwa sauti ya chini. "Hii kitu inaongezeka. Siku itapata mwenye mimba ama mtu mzee, haitangoja asubuhi iende kwa mwingine."

Mbula alirudi na maneno hayo kifuani, akawaambia wenzake. Walikubaliana kwamba anayefaa kwenda Kambu ni yeye, maana wengine wakisimama mbele ya watu huanza kwa kuomba msamaha na kumaliza bila kusema shida. Lakini siku ya mkutano ilipotangazwa, ilikuwa ni siku yake ya kuugua. Na mtu mwenye figo za Mbithe hawezi kufika hata Kitui mjini, seuze kuvuka hadi barabara ya Mombasa.

Jioni hiyo alipokuwa akichambua ndengu, Mbinya aliingia jikoni kwake akaketi bila kukaribishwa, kama mama mkwe anavyoketi.

"Sheria inasema asiyeweza atume mtu wa nyumba yake," Mbinya alisema. "Mimi ni wa nyumba yako."

"Mwaitu, mama yangu, wewe umepumzishwa."

"Nimepumzishwa jembe. Kulala kitandani hakuna aliyenipumzisha."

"Kisilu amesema ikipata mzee..."

"Kisilu nilimwona akizaliwa. Alitanguliza miguu." Mbinya alichukua punje ya ndengu iliyooza akaitupa nje kwa kuku. "Wewe enda useme. Useme tunataka mashine hapa Migwani. Usianze na salamu nyingi."

Mbula alijua anachopaswa kujibu. Alijua pia kwamba mkutano hautarudiwa, na kwamba kila mzunguko ulizidi kuwa hatari kwa wanawake wawili wa mwethya waliokuwa na mimba kule mtoni. Alikubali. Alikubali upesi kuliko ilivyofaa, na wepesi ule ulikuja kumwuma baadaye kuliko kukubali kwenyewe.

Alasiri ya kuamkia mkutano gari la serikali lilimchukua Mbula na wajumbe wengine, likapita Kitui na kushuka hadi Kibwezi, na usiku wakalazwa kwa waumini wa Kambu. Asubuhi ukumbi wa kanisa ulijaa hadi madirishani. Malori yalikuwa yanapita nje kuelekea Mombasa, na kila lilipopita msemaji alinyamaza, akangoja, akaendelea. Aliyeongoza alikuwa afisa kutoka Nairobi, kijana mwenye adabu, aliyewaomba watu waseme bila woga kama serikali igharamie matibabu ya wote au kila mtu ajitegemee.

Mwalimu mstaafu Ndululu alisema kodi zinakatwa hata kwenye kiberiti, kwa hiyo matibabu yalishalipiwa zamani. Akapigiwa makofi. Gathua, mwenye duka la magurudumu, ambaye babake alihamia Kambu kutoka Murang'a, alisema yeye hapingi hospitali, anapinga kubebeshwa watu. "Mama yangu alipougua niliuza lori," alisema. "Lori lilikuwa ndilo kazi. Hakuna mtu hapa alinibebea hata gurudumu moja. Sasa mnaniambia nibebe mtu wa Turkana simjui?" Naye akapigiwa makofi, na baadhi ya mikono ilikuwa ileile.

Kisha Mbula akasimama. Hakuanza na salamu nyingi. Alieleza mwethya wao, nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, na miguu, na ladha ya chuma mdomoni, na kompyuta iliyosema ugonjwa si wake. Watu walisikiliza kama wanavyosikiliza bei ya mbolea. Mama mmoja nyuma aliuliza kama hufanya kazi pia kwa kisukari, naye akasema hawajajaribu.

Gathua alisimama tena. "Lakini ulikubali aje, mama? Kubeba figo za mtu si ndugu yako?"

"Ilikuwa zamu yake," Mbula alisema.

Gathua alikaa chini.

Afisa alikuwa ameacha kuandika, uso umemng'aa. Alisema amezunguka kaunti nyingi akisikia malalamiko, na hii ndiyo mara ya kwanza amesikia suluhisho. Alisema hii ndiyo Afrika yenyewe. Aliomba mkutano uwapigie akina mama wa Migwani makofi ya kilo, yakapigwa.

"Asante," Mbula alisema yalipoisha. "Sisi tunataka mashine."

"Mashine gani, mama?"

"Ya kusafisha damu. Hapo Migwani. Na ikubali mtu yeyote mwenye hiyo ugonjwa siku hiyo."

Afisa alimtazama kwa upole wa kweli. "Lakini mama, mnaihitaji ya nini, kama mnajiweza?"

"Hatujiwezi. Tunapokezana tu."

Lori lilikuwa linapita, refu, la makontena. Lilipoisha kupita afisa alikuwa ameshamwita msemaji mwingine.

Simu ya Mbula ililia watu walipokuwa wakipanga foleni ya chakula. Alikuwa Nthenya. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Nthenya hakulalamika. Alisema ugonjwa ulifika kwa Mbinya alfajiri kama kawaida, Mbinya akaomba mlango uachwe wazi aone mbuzi. Saa nne hivi aliuliza kama Mbula ameshasimama kusema, wakamwambia pengine sasa hivi. Baada ya hapo hakuuliza kitu kingine.

Mbula aliketi kwenye ngazi ya kanisa. Wariara, mke wa Gathua, aliyekuwa akigawa chakula, aliacha mwiko akaja akaketi kando yake, bila kumjua, akamshika mgongo. Gathua alisimama mbele yao na kofia mkononi. Alisema ana gari dogo, atampeleka mwenyewe hadi Migwani. Walipopita mto Athi alisema kwamba mashine ingekuwa rahisi kuliko haya yote, na Mbula akasema ndiyo.

Walimzika Mbinya kando ya mumewe. Kisilu alikuja, akasimama nyuma, na Mbula alipomwuliza alisema kompyuta ilikubali neno moja tu, uzee, kwa sababu figo zilikuwa na mwenyewe na mwenyewe alikuwa mzima. Wenye matumaini kijijini walidhani ugonjwa ungezikwa naye. Lakini siku iliyofuata kifo, kabla hata jeneza halijanunuliwa, ulikuwa umeshaingia nyumba iliyofuata, na siku ya mazishi ulikuwa umefika karibu na mto. Mama Musyoka alisema haukuonekana kupungua hata kidogo.

Redio ya Kikamba ilitangaza baadaye kwamba kamati iliyoendesha mikutano ile imemaliza kazi. Mashine mpya zingepelekwa mahali ambapo wananchi bado hawajajipanga. Kaluu ilitajwa kwa jina na kusifiwa, na wageni kutoka kaunti nyingine walikuwa njiani kuja kujifunza. Mjadala wenyewe, mtangazaji alisema, unaendelea.

Mbithe alikuja kwa Mbula jioni hiyohiyo, na unga kwenye ndoo ndogo, kama mtu anavyokwenda kwenye nyumba ya msiba. Siku zote za matanga alikuwa ndiye wa kwanza kisimani na wa mwisho kuacha sufuria. Alibeba kuni, alibeba maji, alibeba viti vya kanisa kichwani. Mbula alikuwa ameitazama ile miguu yake ikipanda na kushuka, mikavu, yenye nguvu, isiyofura, na alikuwa ameichukia. Aliichukia kwa moyo wake wote. Hakuwahi kumchukia mtu hivyo, na mtu mwenyewe hakuwa amemkosea kitu.

"Nimekuja kuchukua ugonjwa wangu," Mbithe alisema. Hakuwa ameketi. "Ni yangu. Nitakaa nayo. Nimeshaongea na Mwangangi, anakuja kesho kutoka Kiboko."

Wiki nzima Mbula alikuwa amengoja kusikia hasa maneno hayo, na alikuwa ameshajua jibu lake, neno moja tu, chukua.

"Ukikaa nayo utakaa muda gani?" aliuliza.

"Daktari wa Kitui alisema wiki. Labda mbili, nikiacha chumvi."

"Na watoto?"

"Watoto wako na nyanya yao."

Nje mtu alikuwa anaita mbuzi. Mbithe alibadilisha ndoo kutoka mkono huu hadi mwingine, na Mbula akaona mbele yake mwanamke mzima, asiyeumwa mahali popote, ambaye anataka sana kuishi na amekuja kusema kinyume.

"Zamu yako ni Jumamosi," Mbula alisema. "Usiruke watu."

Mbithe aliweka ndoo ya unga mlangoni, akaketi, akalia. Mbula hakumnyamazisha. Alipika chai, wakanywa, wakaongea habari ya mbegu, na kama mvua za mwaka huu zitakuja mapema. Mbithe alipoaga, giza lilikuwa limeingia.

Alfajiri ugonjwa ulitoka kwa Nthenya, ukashuka na njia, ukaingia kwa Mbula. Ulimkuta ameketi kitandani, ameshavua viatu.